Mwendo wa Kutolala Njiani

Mume wangu Mogire alikuwa mshika mnyororo. Nikiwaambia wajukuu wangu hivyo, wanadhani alikuwa askari wa jela. Mnyororo wenyewe ulikuwa wa kupimia ardhi, futi sitini na sita za chuma chembamba, na kazi yake ilikuwa kushika ncha ya nyuma na kufuata kila ulikokwenda: katika migomba, katika maua ya pareto, katika matope ya mito, mlima baada ya mlima, kwa miaka saba.

Alianza mwaka wa 1965, serikali ilipoleta wapimaji upande wetu wa Kebirigo ili kila mtu apate shamba lake na karatasi yake. Mtu wa mbele hubeba vijiti kumi vya chuma, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu kichwani. Mnyororo ukinyooka, huchomeka kijiti kimoja ardhini na kusonga mbele. Mtu wa nyuma akifika pale hukichomoa na kubaki nacho mkononi. Vya mbele vikiisha, mkono wa nyuma una kumi. Hapo wote wawili husimama. Wa nyuma huhesabu kwa sauti, hukata alama moja kwenye fimbo, hurudisha vijiti vyote, na kazi huanza upya. Mogire aliniambia mara nyingi kwamba makosa ya mashamba huzaliwa mahali hapo pa kupeana vijiti. Mtu amechoka, jua ni kali, mwenye shamba anapiga kelele, alama inasahauliwa, na minyororo kumi inapotea kama haikutembewa na mtu.

Kwenye milima kazi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mnyororo haufuati mteremko. Hushikwa sawa kama maji yaliyotulia bakulini, mmoja akiinua mikono juu ya kichwa na mwingine akichuchumaa. Na sisi hapa nchi yetu yote ni mteremko. Alikuwa akirudi jioni anakaa kwenye kigoda, ananyoosha miguu, na haongei. Nilimkanda magoti kwa maji ya chumvi. Wanawake wengine walikuwa na waume wa maneno mengi. Mimi nilikuwa na magoti.

Siku mnyororo ulipofika kwetu, mpaka uliokuwa ukipimwa ulikuwa kati yetu na mdogo wake, Okemwa. Pale pembeni palikuwa na migomba yangu, mashina kumi na tisa, niliyoyapanda nikiwa bibi harusi. Mnyororo ulipita upande wetu wa migomba, ikabaki yote kwa Okemwa. Nilimtazama Mogire. Alikuwa na vijiti saba mkononi, na nilijua, Okemwa naye alijua, kwamba akisogeza kisigino hatua mbili tu hakuna atakayeona. Mpimaji alikuwa mtu wa pwani, ameinama anaandika.

"Baba Gesare," nikasema kwa lugha yetu, "una kisigino au huna?"

"Kisigino ninacho," akajibu bila kuinua macho. "Migomba ndiyo huna."

Okemwa alicheka mpaka akashika mti. "Shemeji, usilie. Ukitaka ndizi bisha hodi, nitakuuzia!"

Kwa siku tatu nilimpikia Mogire bila kumsemesha. Siku ya nne akasema, "Nikisogeza kisigino kwako, kesho watu watauliza nimekisogeza kwa nani mwingine." Nikaanza kumsemesha tena. Lakini niliikumbuka ile migomba kila nilipoona Okemwa akikata mkungu, na niliyakumbuka maneno yale pia, ndiyo maana ninayaeleza kwanza. Anayesoma haya ajue kwamba mtu huyu alitoa migomba ya mke wake asije akapindisha mnyororo. Maana kuna kipimo kimoja alikipindisha, nami nilimwona.

Gesare ni mtoto wetu wa kwanza. Mwaka wa 1969, akiwa na miaka ishirini, alipata barua ya kwenda Uingereza, mji wa London, kusomea uuguzi. Daktari mmoja wa misheni alikuwa amemwandikia. Watu walikuja kutupongeza, wakala, wakaimba, wakaenda. Walipokwenda nikasema mimi sijakubali.

Kwetu mama akiombwa binti haulizi kwanza juu ya ng'ombe. Bibi yangu, wajumbe walipokuja Nyamache kuniposa, aliuliza neno moja: "Akiitwa asubuhi, atafika kabla kuku hawajaingia?" Maana yake, mama akiugua au akifa, binti aweze kutoka kwa mumewe na kufika siku hiyohiyo bila kulala njiani. Mwana anayelala njiani hufika kukuta udongo. Wajumbe wakasema kutoka Kebirigo hadi Nyamache ni mwendo wa miguu wa siku moja, kama hana mzigo. Ndipo nikaozwa. Na miaka mingi baadaye mama yangu alipozidiwa, niliitwa alfajiri, nikatembea bila kukaa chini, nikafika kuku wakipanda kwenye kibanda chao. Nilimkuta anapumua. Alinishika kidole hiki. Basi mimi si mtu wa kudharau swali la bibi.

"Sitaki hesabu za maili," nilimwambia Mogire. "Niambie tu, akiitwa asubuhi, atafika kabla kuku hawajaingia? Ukiniambia ndiyo, aende."

Kesho yake alichukua uzi wangu wa kushonea, tukaenda wote watatu hadi shule ya msingi kwa Mwalimu Angwenyi. Mwalimu alikuwa na dunia ya mviringo juu ya meza, mfano wa mpira, imepasuka upande wa bahari na kuzibwa kwa karatasi. Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini Nairobi niliiona, na London niliiona, imeandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Mogire aliweka ncha ya uzi Nairobi, akaubana kwa kidole, akauvuta hadi London, akaukata kwa meno.

"Tumbo la dunia hii lina maili ngapi?" akauliza.

"Elfu ishirini na tano kuizunguka," Mwalimu akasema.

Mogire akatembeza kile kipande kwenye tumbo la dunia, akikihamisha na kuhesabu kwa sauti, kama vile yuko kazini na vijiti vyake. Kilizunguka mara sita kasoro kidogo. "Maili elfu nne na mia mbili," akasema. Mwalimu akafungua kitabu chake, akatazama, akakifunga polepole.

"Mzee Mogire, umekosea kwa maili hamsini tu."

"Na milima je?"

"Milima gani?"

"Ya njiani. Aliyepima alishika mnyororo sawa au alifuata mteremko?"

Mwalimu akaanza kucheka. "Mzee, ndege haikanyagi chini!"

"Hii ni kazi ya kwanza kuisikia isiyo na mlima," Mogire akasema, naye akatabasamu. Siku hizo alikuwa bado anatabasamu. Mwalimu akaeleza kwamba ndege kubwa huenda maili mia tano kwa saa moja, na hivyo mwendo wote ni saa nane na kitu. "Weka tisa," akasema, "kwa ajili ya upepo."

Nikamgeukia mume wangu. "Sasa nijibu. Akiitwa asubuhi?"

Mogire alikuwa amezungusha ule uzi kwenye kidole chake, anauzungusha na kuukaza, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi. "Saa tisa ni saa tisa," akasema. "Wewe kwenda Nyamache kwa miguu unatumia kumi na moja."

Hakujibu nilichouliza. Nilikiona kidole. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akicheza na uzi wala kamba, maana kwake hivyo vilikuwa vyombo vya kazi. Nilitaka kumwambia, kisigino chako kimesogea. Lakini Gesare alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, na uso wake nilishindwa kuutazama sana. Nikasema, "Basi ni karibu kuliko Nyamache."

Hivyo ndivyo alivyoruhusiwa kwenda. Tulikuwa wawili tuliokubaliana bila kusema.

Mogire ndiye aliyempeleka Nairobi. Ndege ilikuwa iondoke uwanja wa Embakasi Jumanne, saa nne asubuhi. Siku hiyo mimi sikwenda shambani. Niliazima saa ya mezani kwa jirani, nikaiweka juu ya kigoda uani, nikahesabu. Saa nne. Saa tano. Sasa yuko juu ya jangwa, Mwalimu alisema kuna jangwa. Nilipepeta wimbi wa uji, nikaupepeta tena ukiwa umekwisha kuwa safi. Kuku waliingia saa kumi na mbili na nusu, na saa tisa za Mogire zilikuwa bado hazijatimia. Nikajiambia, ingekuwa ameondoka alfajiri, angefika. Nikajiambia hivyo mara nyingi.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Gesare alikuwa mzima. Aliandika kwamba ndege ilitua Entebbe, kisha ikatua Roma, na kwamba alifika saa mbili usiku kwa saa za kule. Mogire alichukua kijiti akaandika kwenye vumbi. Kutoka saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku ni kumi. Kisha akaongeza mbili, kwa sababu jua la kule hutoka nyuma ya letu.

"Kumi na mbili," akasema.

"Kwa hiyo si tisa."

"Ilishuka kunywa mafuta. Kushuka si mwendo. Mtu akikaa kando ya njia ale ndizi, njia haiongezeki."

"Na kuku? Wanamngoja amalize ndizi?"

Akafuta vumbi kwa mguu.

Miaka ikaenda. Gesare alimaliza uuguzi, akaanza masomo ya ukunga, akamaliza, akapewa kazi katika hospitali hiyohiyo. Barua zilikuja, na picha, katika moja amevaa kofia nyeupe kama keki. Kila mwaka aliandika kwamba mwaka ujao atakuja. Mogire aliacha kazi mwaka wa 1972, magoti yalipokataa kabisa. Aliomba wampe vile vijiti kumi vilivyochakaa, wakampa. Alivifunga pamoja akaviweka darini, na siku za jua alivishusha akavifuta kutu kwa majivu, kisha akavirudisha.

Mwaka wa 1975, mvua za masika zilipokuwa zimeshika, tumbo lake lilianza kuvimba. Mimi niliona kabla yake, maana nilikuwa nikifua suruali zake, na tundu la mkanda lilikuwa limesogea. Alilala hospitalini wiki mbili. Daktari alimwambia mwanangu Obwocha kwa upole kwamba ini limechoka, na kwamba mzee akae nyumbani na watu wake.

Tulipomrudisha nikasema tumpelekee Gesare telegramu.

"Usimsumbue," Mogire akasema.

"Ni saa tisa tu," nikasema. Nilimwambia makusudi. Nilikuwa nimechoka, na uchovu una ubaya wake.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kisha akasema, "Mama Gesare, ndege sikukudanganya. Ndege ni saa tisa."

"Najua."

"Lakini mtu hasafiri kwa ndege peke yake." Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetapika kitu alichokimeza zamani. Obwocha kwenda Kisii mjini posta, na telegramu kufika mkononi mwa Gesare katika hospitali kubwa vile, siku mbili. Mkubwa wake wa kazi kumpa ruhusa, siku tatu. Kupata kiti, maana ndege haziondoki kila siku na zikiondoka huwa zimejaa, siku tatu. Kuruka na kufika Nairobi, siku moja. Kulala Nairobi basi likiwa limeondoka, kisha Nakuru, Kericho, Sotik, Kisii, siku nyingine. Kutoka Kisii hadi hapa, ya kumi na moja, kama mvua haijaharibu barabara.

"Kumi na moja," akasema. "Nilizijua zote siku ile kwa Mwalimu. Nilienda Nairobi kabla ya hapo, nikauliza. Nilikupimia hewani kwa sababu hewani ndiko kufupi."

"Nilikiona kidole chako," nikamwambia.

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa ya manjano. "Uliona?"

"Niliona."

"Na ukanyamaza?"

"Mtoto alikuwa mlangoni."

Jumatatu asubuhi nilimtuma Obwocha Kisii.

Mogire hakuuliza nimeandika nini. Aliniomba tu nimshushie vijiti. "Chomeka kimoja hapo nje ya mlango, nikione. Kila asubuhi kimoja. Nataka kujua amefika wapi."

Basi nikachomeka, kandokando ya ukuta, mahali alipoweza kuona akiwa kitandani mlango ukiwa wazi. Kijiti cha kwanza: Obwocha yuko posta. Cha pili: telegramu imefika, au haijafika. Cha tatu, anaomba ruhusa. Nilikuwa namnywesha uji wa wimbi kwa kijiko, anakunywa vijiko vinne, vitatu, ananiuliza leo ni kingapi. Nguo nilifua kila siku. Usingizi wangu ulikuwa wa kukaa. Mtu akikohoa barabarani, natoka kutazama.

Ilipofika Sabato sikuchomeka. Sisi ni Waadventista, siku hiyo hatufanyi kazi, na kwa muda wote wa maisha yake Mogire hakugusa mnyororo siku ya Sabato. Nilikwenda kanisani saa moja tu, nikarudi. Jumapili asubuhi nikachomeka kijiti.

"Vingapi?" akauliza.

"Sita."

"Saba."

"Ni sita, Baba Gesare. Vihesabu."

"Ya jana iko wapi?"

"Jana ilikuwa Sabato."

"Na Gesare jana alisimama asitembee? Na mimi jana nilisimama?" Alikuwa amekasirika, na sauti yake ilitoka kama ya zamani. "Umepoteza kijiti! Miaka saba sijapoteza kijiti, sasa unanipotezea mlangoni kwangu!"

"Kuchomeka chuma ardhini ni kazi."

"Kuhesabu siku si kazi. Mungu mwenyewe alihesabu mpaka saba. Chomeka kingine."

Nikachomeka kingine. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya nyumba, si kwa sababu ya ukali wake, bali kwa sababu nilifurahi kwamba bado anaweza kukasirika.

Okemwa alikuwa akija kila jioni. Hawakuwahi kuwa na mazungumzo marefu wale ndugu. Siku ya tisa alikuja na mkungu wa ndizi begani, akauweka chini, akavitazama vile vijiti.

"Ndugu yangu, hata sasa unapima? Safari hii unanikata wapi?"

"Kaa mbali na mpaka," Mogire akasema. "Nikifika kwako nitasogeza kisigino."

Okemwa akacheka, kisha akaacha kucheka, akatazama pembeni. "Shemeji," akaniambia, "hizi ni za yale mashina yako." Nikamshukuru. Zilikuwa ndizi nzuri. Alikuwa ameyatunza, sikatai.

Siku ya kumi, Jumatano, vijiti vyote vilikuwa ardhini. Mogire akaniambia nivichomoe, nihesabu kwa sauti. Nikahesabu kumi. "Sasa kata alama kwenye mwimo wa mlango, halafu uanze upya. Hapa ndipo watu husahau." Nikakata alama kwa kisu cha jikoni.

Alhamisi ilikuwa ya kumi na moja. Niliosha nyumba. Nilichinja kuku. Obwocha alikaa kituoni Kebirigo tangu asubuhi mpaka basi la mwisho. Alirudi peke yake, viatu mkononi, matope hadi magotini. Yule kuku tulimla hivyohivyo. Mogire hakuonja.

"Nimekosea mahali," akasema. Hiyo ilikuwa sauti yake iliyonichosha kuliko zote, kwa sababu haikuwa na hasira.

Ijumaa hakuuliza kijiti ni cha ngapi. Alilala akitazama mlango, na mara nyingine sikujua kama anaona. Nilimwambia, "Ni cha pili cha duru ya pili." Akafumba macho na kufumbua. Jioni Sabato ilipoingia tuliimba wimbo mmoja, Obwocha na mkewe na mimi. Sauti yangu ilikatika katikati, wao wakamaliza.

Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilitoka nikachomeka kijiti, Sabato au si Sabato. Nilikichomeka kwa mkono wangu, na sikuomba msamaha.

Kama saa tano hivi, watu wakiwa kanisani na njia tupu, nilimwona mwanamke anapanda kutoka barabarani. Alikuwa mnene kidogo, koti limemwangukia bega moja, viatu kavibeba, mkoba mzito unamgonga mguu. Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama kwenye ua akashika nguzo kwa mikono miwili.

Kuku walikuwa nje, wanachakura chini ya pareto.

Hatukulia. Hatukuwa na nafasi. Alisema tu, "Mama, yupo?" nikasema, "Yupo," akapita. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwita baba kwa lugha yetu. "Tata," akasema.

Mogire alimtazama kwa muda, kama anayesoma kitu kidogo kilicho mbali. Midomo yake ilikauka, nikailowesha kwa kitambaa. Kisha akauliza, "Saa ngapi?"

"Ni saa tano, Tata."

"Siyo. Ndege."

Gesare alinitazama, hakuelewa. Nikamwambia, "Anauliza ndege imetumia saa ngapi."

"Nane na dakika arobaini, Tata. Safari hii haikushuka popote."

Akageuza macho kwangu. Polepole sana, lakini aliyageuza. "Umesikia."

"Nimesikia."

"Nilisema tisa."

"Ulisema tisa," nikakubali. "Kwa ajili ya upepo."

Gesare alitueleza baadaye, huku akila ndizi za Okemwa kama mtu aliyefungiwa. Ruhusa aliipata siku hiyohiyo aliyoomba, mkubwa wake alikuwa mtu mwema. Kilichokosekana ni kiti. Alingoja siku saba, kila asubuhi anakwenda uwanjani na mkoba. Mogire alikuwa amempa siku tatu. Alilala Nairobi. Jana basi lilikwama kwenye tope karibu na Sotik, wakaingia Kisii jua likiwa limekwisha kuzama, akalala kwa rafiki. Na asubuhi hakungoja Sabato iishe. Alisema hayo akiinamisha kichwa, akidhani nitamkemea. Nilimwongezea ndizi.

Mogire aliishi mpaka Jumatatu. Katika siku hizo mbili Gesare alimgeuza, alimwosha, alimnywesha, mikono yake ikijua kila kitu, na mimi kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima nililala. Naona aibu kusema, lakini nililala saa nyingi. Alipofariki ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa macho. Obwocha na Okemwa walichimba kaburi upande wa kulia wa nyumba. Okemwa alilipima kwa hatua, akarudi akalipima tena, akasema, "Yeye angeona kama limepinda."

Gesare alikuwa na siku chache tu. Siku ya kuondoka tulisimama kituoni. Kisha akaniuliza, "Mama, na wewe je? Wewe ukiugua, utaniita lini?"

"Mapema," nikamwambia. "Nikiwa bado nachuma chai."

Alidhani ninafanya mzaha, akacheka, akapanda basi.

Sasa ni miaka mitatu. Ile alama ipo kwenye mwimo wa mlango, na wajukuu wanaulizana ni ya nini. Vijiti vimebaki tisa. Cha kumi Okemwa amefungia mbuzi, upande wake wa mpaka, chini ya ile migomba. Nakiona kila nikienda mtoni, kitambaa chekundu kimeoza. Sijamwambia kitu.

Tangu mwezi uliopita kifua kinanibana nikipanda kutoka mtoni na mtungi. Si sana. Nakaa juu ya jiwe, kinaachia. Lakini nimekwisha kupiga hesabu, na si ya hewani. Kwa mwendo wa siku kumi na tatu, mtu hangoji mpaka alale. Jumapili nilichukua karatasi nikaandika tarehe, nikaandika "Mwanangu Gesare, sisi hapa ni wazima." Nikayatazama hayo maneno, neno la kifua bado sijaliandika. Halafu mvua ikaanza kudondoka, nikaenda kuanua pareto.